Viazi bila kukwatua: maswali yenu kutoka Mlalo, Mombo mpaka Bagamoyo

Toleo lililopita tuligusia kidogo njia ya kupanda viazi mviringo bila kulima, yani mbegu unailaza juu ya udongo wenye unyevu alafu unaifunika na majani makavu ya mpunga mengi, hakuna kukwatua wala kuinulia matuta, na siku ya kuvuna unafunua tu unaokota. Meseji zimekuja nyingi, wengi wenu mkoa wa Tanga na wachache Bagamoyo. Nimechukua yale maswali yanayojirudia. Niseme mapema kwamba mimi hii njia naiunga mkono kwa milima ya Usambara na ningependa kila mkulima wa viazi kule aijaribu hata kwa kipande kidogo, ila sio ya kila mahali, na kuna wengine hapa chini nimewajibu hapana.

SWALI: Bibi shamba shikamoo. Mimi ni mama wa Mlalo, nalima viazi kwenye ngazi za mteremko alizochonga na kuacha baba mkwe wangu. Mwanangu kanionyesha kwenye simu watu wa India wanafunua majani na viazi vimelala tu juu ya ardhi, visafi kabisa. Mume wangu kasema huo ni uvivu na kiazi bila jembe hakiweki. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mama. Mwanao kakuonyesha kitu cha kweli. India wanafanya, Bangladesh wanafanya, Vietnam na kusini mwa China pia, na Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima kule Peru kimekuwa kikiisambaza kwa wakulima wa Asia wanaolima mpunga.

Sasa kwanini kiazi kinaweka, yani kinazaa, bila jembe. Watu wengi tunadhani kiazi ni mzizi, sio mzizi, ni shina. Mmea wa kiazi unatoa vijishina vyembamba vinavyotambaa pembeni karibu na ile mbegu uliyopanda, na ncha ya kile kijishina ndo inavimba inakuwa kiazi. Ili ivimbe inataka giza, unyevu na ubaridi. Ule udongo tunaouinulia kwenye shina kazi yake kubwa ni kuleta hayo matatu, sasa majani yakiwa mengi ya kutosha yanaleta hayo hayo. Mizizi yenyewe inashuka chini kwenye udongo kutafuta chakula kama kawaida, viazi vinabaki hapo katikati, chini yao udongo, juu yao majani. Ndio maana vinatoka visafi vile.

Wenzetu wa Asia walianza kwa sababu yao. Wakishavuna mpunga shamba linakuwa na maji maji, wakisubiri likauke walilime msimu wa baridi unawapita, kwahiyo wanapanda juu juu kwenye ule unyevu na kufunika na majani ya mpunga ule ule waliovuna. Wewe wa Mlalo sababu yako ni nyingine na kwa maoni yangu ni nzito zaidi, ni mteremko. Hebu hesabu ni mara ngapi unafungua udongo kwa msimu mmoja wa viazi: unakwatua, unapalilia, unainulia, mwisho unachimba shamba zima kuvuna, na hapo kwenye kuvuna ndo unaacha udongo umetifuka kabisa bila kitu juu. Mvua inayofuata inaondoka nao. Kila mtu anayepita Soni kipindi cha masika anaona rangi ya maji pale kwenye maporomoko, ule wekundu ni mashamba yetu yanashuka, tena inashuka ile tabaka ya juu yenye mbolea uliyonunua kwa hela yako. Ukifunika na majani tone la mvua halipigi udongo moja kwa moja, linaangukia majani linanyonywa taratibu, na siku ya kuvuna huchimbi.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Ondoa magugu yote, hasa ndago na sangari, hayo ng'oa na mizizi yake kabisa mana majani ya mpunga hayawezi kuyazuia, ndago inatoboa kama sindano. Magugu madogo madogo ya msimu yafyeke tu uyaache hapo hapo. Hakikisha udongo una unyevu, kama mvua haijanyesha mwagilia siku moja kabla, kupanda juu ya udongo mkavu ni kupoteza mbegu. Mbegu iwe nzima isiyokatwa, ukubwa wa yai la kuku, imechipua vichipukizi vifupi vinene, sio vile virefu vyeupe vya gizani. Ilaze ikandamize kidogo ishike udongo, kichipukizi kiangalie juu, mstari hadi mstari sentimita 60 mpaka 75 na mbegu hadi mbegu 30. Samadi iliyoiva unaweka kiganja kimoja kando ya mbegu au juu yake kidogo, na mbolea ya dukani tumia kipimo kile kile ulichozoea ila isigusane na mbegu kabisa kwa sababu hapa hakuna udongo wa kuitenganisha, itaunguza machipukizi.

Alafu funika. Hapa ndo penye kazi yote na hapa ndo watu wanapokosea, wanaonea huruma majani. Weka mpaka yafike shubiri moja yakiwa bado mepesi hayajalala, yakishanyeshewa yatashuka yabaki kama upana wa kiganja, ukiona chini ya hapo ongeza. Mwagia maji juu yatulie upepo usiyapeperushe. Machipukizi yatajitokeza yenyewe, ukiona mahali yamekwama chini ya bonge la majani yaachanishe kwa mkono.

Baba watoto usigombane nae. Mwombe ngazi moja tu, nusu alime yeye kwa jembe na nusu ufunike wewe, mbegu ile ile, mbolea ile ile na siku ile ile. Kuhusu uvivu, kubeba majani ya kufunika shamba ni kazi ya jasho, akikusaidia kubeba ataona.

SWALI: Bibi shamba, mimi ni kijana wa Lukozi. Nilijaribu hii kitu kwa kufuata video, nikafunika kwa mabua ya mahindi, viazi vimeweka vizuri lakini karibu nusu ni vya kijani. Dalali kavikataa vyote. Tatizo nini?

JIBU: Tatizo ni mwanga mdogo wangu. Kiazi kikipigwa na mwanga kinajifanya jani, kinakuwa kijani, na pamoja na ule ukijani kinatengeneza sumu inayoitwa solanini. Ndio inayoleta ule uchungu, na mtu akila nyingi anatapika na kuumwa tumbo, na kuchemsha haiiondoi. Kwahiyo dalali hajakuonea, na wewe usije ukavipeleka kwa wakaanga chipsi kimya kimya, ukila kiazi chenye ukijani mkubwa unajitafutia ugonjwa.

Mabua ya mahindi ni manene na yananyooka, ukiyapanga yanaacha matundu mwanga unaingia. Majani ya mpunga ni membamba yanalala yanafungana. Kama mabua ndo uliyonayo yakatekate vipande vifupi, weka tabaka la kwanza la majani laini, hata majani makavu ya migomba au maganda na mashina ya maharage mliyopura, alafu mabua juu yake kama uzito. Majani ya gwatemala, yale marefu ya kulisha ng'ombe yanayopandwa kwenye kingo za mashamba, ni mazuri ila yakaushe vizuri juani kwanza, ukiweka mashina mabichi yataota humo humo uanze kupalilia gwatemala ndani ya viazi.

Jambo la pili, rudi shambani mmea ukiwa umefika magotini na tena ukianza kutoa maua, pita kila mstari chungulia. Majani yanaoza kwa chini, yanapungua kila wiki, tena mchwa nao wanakula. Palipopungua ongeza. Hiyo raundi ya kuongeza ndo palizi ya huku, watu wanaisahau wakidhani wakishafunika wameshamaliza.

Na vile vya kijani usivitupe. Kama shina lililovizaa lilikuwa na afya, vitenge viwe mbegu, tena mbegu inayokaa kwenye mwanga hafifu inatoa machipukizi mafupi yenye nguvu, vipange kwenye kichanja chenye kivuli tabaka moja au mbili, visikae kwenye gunia.

SWALI: Bibi shamba habari za kazi. Mimi ni mzee wa Mombo, nina jaruba zangu za mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji. Kila tukivuna mpunga majani tunachoma, moshi mpaka barabarani. Naona hii ya viazi inanifaa sana kwa kuwa majani ninayo na udongo unabaki na unyevu kama huko Bangladesh. Nianze lini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nikwambie ukweli usije ukapoteza hela ya mbegu, Mombo viazi mviringo usipande. Sio majani wala udongo, ni joto. Kiazi kinaweka vizuri udongo ukiwa wa baridi, nyuzi 15 mpaka 20 hivi, na kinachohesabika zaidi ni usiku. Usiku ukiwa wa joto mmea unapanda juu majani mazuri ya kijani kibichi, unafurahi, unafunua chini hamna kitu au vipo kama gololi. Hao wa Bangladesh wanapanda kipindi chao cha baridi, Novemba kuendelea, na Januari usiku wao unashuka mpaka nyuzi 12 au 13 ingawa wako tambarare karibu na bahari. Mombo hamna usiku wa namna hiyo mwaka mzima, hiyo baridi iko juu mlimani kwa wajomba zako.

Lakini swali lako limenifurahisha kuliko yote niliyopokea, mana wewe unachoma kile kile ambacho mtu wa Lushoto anakitafuta. Kutoka hapo Mombo kupanda mpaka Lushoto mjini ni kilometa 33 hivi za lami. Kila siku magari yanashuka yamejaa kabichi, karoti, viazi na nyanya kwenda Tanga na Dar, na mengi yanarudi matupu au na mzigo kidogo. Gari linalorudi tupu dereva anakubali bei ndogo. Majani ya mpunga ni mepesi lakini yanachukua nafasi, kwahiyo siri ni kuyashindilia. Mnaweza kutengeneza kasha la mbao, mnatandika kamba chini, mnajaza majani mnakanyaga, mnafunga, linatoka robota. Fuso moja la marobota linabeba mara nyingi zaidi ya Fuso la majani yaliyorushwa tu juu.

Hesabu ya haraka uwe nayo mkononi: mpunga unaacha majani yenye uzito unaokaribiana na wa punje zenyewe, ukivuna tani mbili kwa eka una kama tani mbili za majani. Eka moja ya viazi inataka majani ya eka mbili mpaka tatu za mpunga. Kwahiyo usianze na ndoto ya kufunika Lushoto nzima, tafuta wakulima wachache wa Soni au Lushoto wenye vipande vidogo, waulize wanaweza kulipa kiasi gani kwa robota likifika, toa kamba, toa kupakia, toa gari, angalia kama kinabaki kitu. Kikibaki endelea. Yakaushe kabisa kabla ya kufunga na yaweke mahali pasiponyeshewa, majani yaliyoota ukungu hayanunuliwi. Na usiyamalize yote shambani kwako mzee, bakisha mengine yaozee kwenye jaruba, udongo wako nao unataka kula.

SWALI: Shikamoo bibi. Nipo Soni, nina ng'ombe wawili wa maziwa wa bandani. Majani yote nayopata yanaenda kwa ng'ombe, mabua ya mahindi ng'ombe, majani ya migomba ng'ombe. Hayo ya kufunikia viazi nitoe wapi bibi?

JIBU: Marahaba. Hili ndo swali gumu kuliko yote na wataalamu wengi tunapenda kuliruka. Mlimani kwetu jani sio takataka, jani ni maziwa. Kwahiyo mtu akikwambia funika shamba zima wakati una ng'ombe wawili bandani, mwambie aje na majani yake.

Ninavyoshauri ni kugawanya kwa ubora. Yale laini na mabichi yabaki kwa ng'ombe. Yale aliyoyakataa, mabua magumu yanayobaki kwenye hori, yenye mkojo na kinyesi kidogo, hayo yakaushe yapeleke shambani, tena yana faida mbili. Mashina ya maharage baada ya kupura, ambayo ng'ombe anayala lakini sio chakula cha kumpa maziwa, nayo yatenge. Na kama yale ya Mombo yatapanda kwa bei inayolipika, majani ya mpunga kwa ng'ombe wa maziwa ni chakula dhaifu, yafae shamba.

Alafu anza na eneo linaloendana na majani yako, hata kama ni mita tano kwa nne. Chagua pale penye mteremko mkali zaidi, au pale juu ya ngazi ambapo maji yanaanza kukimbia, hapo ndo majani machache yatakulipa zaidi. Mteremko usio na ngazi kabisa wala kinga maji, hapo nakukataza, mvua kubwa ikishuka itabeba majani na mbegu zote mpaka kwa jirani. Kwanza weka kinga ya gwatemala kwa mkingamo, alafu ndo tuongee viazi.

SWALI: Bibi shamba mimi ni wa Bagamoyo, nalima mpunga bonde la Ruvu. Kiangazi chumvi inapanda shambani panabaki peupe. Nimesikia hii njia inazuia chumvi. Nipande viazi?

JIBU: Viazi mviringo hapana, jibu ni lile lile la mzee wa Mombo. Pwani yetu hata Julai usiku unacheza kwenye nyuzi 20, ni joto kwa kiazi.

Ila ulichosikia kuhusu chumvi ni kweli kabisa na usikiache. Pwani ya kusini ya Bangladesh, upande wa Khulna, walikuwa na shida kama yako, mpunga ukishavunwa jua linanyonya maji kutoka chini, maji yanapanda na chumvi yake, maji yanaondoka chumvi inabaki juu. Wakifunika na majani mapema udongo ukiwa bado na unyevu, jua halinyonyi sana na chumvi haipandi haraka. Hiyo kanuni haijali ni zao gani. Wewe chukua majani ya mpunga wako, mara tu baada ya kuvuna funika kipande, na panda kitu kinachopenda joto lako, bamia au matikiti, kwa kutoboa mashimo madogo madogo bila kulima kipande chote. Pembeni yake acha kipande kitupu ulinganishe. Kama maji yako ya kumwagilia yenyewe ni ya chumvi, hapo majani hayatakusaidia sana.

SWALI: Panya, kuku na koa! Bibi shamba hujasema lolote kuhusu panya. Nimefunika, kuku wa jirani wamechakura wiki ya kwanza yote. Msomaji, Bumbuli.

JIBU: Pole sana. Kuku wanaona ule mfuniko ni sherehe, wadudu wote wako humo. Wiki tatu za mwanzo weka matawi ya miba au miti mirefu juu ya majani, mmea ukishasimama na kufunga hawasumbui sana. Na ongea na jirani kwa upole kabla hujapanda, sio baada.

Panya kweli wanapenda mahali palipofunikwa. Safisha kingo za shamba, fyeka vichaka upana wa hatua kadhaa kuzunguka, weka mitego kuanzia viazi vinapoanza kuvimba, na usipande kipande kimoja kidogo cha majani katikati ya pori, panda karibu na nyumbani. Koa wanatoka usiku kipindi cha mvua, weka vipande vya mbao au magunia yaliyolowa, asubuhi wanakuwa wamejificha chini yake unawaokota. Yule nondo wa viazi, anayetoboa vijitundu na kuacha uchafu mweusi, anakifikia kiazi kilicho wazi, kwahiyo mfuniko ukiwa mzito unakusaidia na huko pia.

Magonjwa nayo niyaseme hapa hapa mana mmeuliza wengi. Bakajani, ule ukungu unaounguza majani kipindi cha mvua na baridi, majani ya mpunga hayauzuii, utapulizia dawa kama ulivyozoea na mapema kabla haujaenea. Mnyauko wa bakteria ni hatari zaidi, na njia hii haiutibu, ingawa usipokata mizizi na jembe unapunguza vidonda ambavyo bakteria wanaingilia. Shina likinyauka ghafla likiwa bado la kijani, likate karibu na chini, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Zikishuka nyuzi nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko huo, ng'oa mmea na viazi vyake na udongo wa pale ukavichome mbali, na shamba hilo usirudishe viazi, nyanya, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa, weka mahindi.

SWALI: Dada, mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima tarafa ya Mlalo. Mimi mwenyewe nimeshawishika. Shida ni wanachama, nimeongea vikao vitatu wanaitikia tu, shambani hakuna aliyefanya. Nifanyeje wakubali?

JIBU: Asante mwenyekiti, na wala usiwalaumu. Wewe upo Mlalo, unajua historia ya huko kuliko mimi. Mwaka 1946 serikali ya mkoloni ilianza mpango wa kuokoa udongo hapo hapo bonde la Mlalo, baadae ukatandazwa Usambara, watu wakalazimishwa kutengeneza matuta kwenye miteremko, asiyefanya anapigwa faini. Wazee na hasa kina mama waliokuwa wanabeba ile kazi waliukataa, na kabla hata ya uhuru ukawa umekufa. Nia ya kuokoa udongo ilikuwa sawa, njia ndo iliharibu. Kuanzia 1981 ulipokuja SECAP, mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupanda miti mashambani, kwa msaada wa Wajerumani, gwatemala ilienea kwa sababu mkulima aliona kwa macho inashika udongo na hapo hapo inalisha ng'ombe wa bandani. Mpaka leo unaiona kwenye kingo za mashamba.

Kwahiyo vikao punguza. Tafuta watu wanne au watano tu, na wasiwe viongozi wote, awepo mama mmoja ambaye watu wanaheshimu shamba lake, na kijana mmoja. Kila mmoja apande kipande cha mita 5 kwa 4 kwa majani na kingine ukubwa huo huo kwa jembe, pembeni kwa pembeni. Kipande hicho kinataka mbegu kama 90 mpaka 110 tu na majani yaliyotoka kwenye mita za mraba 40 mpaka 60 za mpunga, hakuna atakayefilisika kikifeli. Wachague kando ya njia inayopitwa na watu wakienda sokoni, hilo peke yake litakufanyia kazi kuliko hotuba.

Kila mmoja awe na daftari. Aandike siku na masaa: kukwatua, kubeba majani, kupalilia, kumwagilia, kuvuna, na aliyefanya ni nani, mana mara nyingi jembe anashika baba siku ya kwanza na palizi yote inabaki kwa mama na watoto, sasa njia hii inahamisha kazi kutoka kwenye palizi kwenda kwenye kubeba majani na ni vizuri mkajua mapema nani atabeba. Msipoliongea hilo mama atajikuta kaongezewa mzigo, na akichoka yeye basi msimu wa pili hakuna.

Msimu wa kwanza nashauri muanze vuli, au kiangazi bondeni kwenye mfereji, sio masika. Masika bakajani inakuja kwa nguvu, ikiua viazi watu watasema ni majani ndo yameua.

Siku ya kuvuna ita kijiji. Usimlipe mtu posho kuja, mpe chai. Waache wafunue wenyewe kwa mikono yao, mama aingize mkono chini ya majani ashike kiazi, atoe kile kikubwa, kile kidogo akiache na kukifunika kiendelee, kitu ambacho kwa jembe hakiwezekani. Alafu pimeni vipande vyote viwili kwa mzani ule ule mbele za watu, kwa kilo, sio kwa gunia mana gunia letu la lumbesa, lile la kujaza kupita kiasi, mnajua linavyodanganya. Vya kijani vipimwe pembeni na vitajwe. Asia mara nyingi mavuno yanalingana na ya jembe au yanazidi kidogo, faida yao kubwa iko kwenye kazi na maji, kwahiyo usiwaahidi watu mara mbili ya mavuno. Kama kipande cha majani kimetoa pungufu sema kimetoa pungufu, na muulizane wote pale pale kwanini, majani yalikuwa membamba? udongo ulikuwa mkavu siku ya kupanda? ndago? Mtu aliyesikia ukisema ukweli siku ile atakuamini msimu ujao.

Na kitu kimoja zaidi, mbegu. Ukijaribu njia mpya kwa mbegu chakavu iliyorudiwa miaka yote huwezi kujua kilichoshindwa ni nini. Kwa hao watano tafuteni mbegu safi ya aina inayojulikana, kama Asante, Meru, Sherekea au Tengeru 97, muulize afisa ugani wa kata yenu ipi inafanya vizuri kwenye urefu wenu wa mlima, na mgawane gharama.

SWALI: Baada ya kuvuna viazi yale majani yaliyobaki nifanye nini, na je naweza kupanda maharage bila kulima pia?

JIBU: Yaache pale pale. Yatakuwa yameoza nusu, meusi kwa chini. Yasogeze kidogo kwa mkono au kwa fimbo, toboa shimo kwa mti wenye ncha, weka maharage mbili, rudishia. Unyevu bado upo chini na magugu yatakuwa machache. Ila angalia viazi vidogo vilivyosahaulika chini ya majani, viokote vyote, vikiota vyenyewe ndani ya maharage vinabeba magonjwa mpaka msimu wa viazi unaofuata.